Dakika Mbili

Mama mkwe alishuka stendi ya Magufuli pale Mbezi saa kumi na moja jioni, na kapu la nazi, ndoo ya samaki wakavu, na jogoo mzima aliyefungwa miguu. Nikampokea, shikamoo mama, za safari, poleni. Nikataka kumwonyesha kwamba binti yake hakukosea kuolewa. Nikatoa simu, nikaita gari kwa programu. Elfu kumi na tatu mpaka Tabata. Gari lipo dakika mbili.

"Linakuja sasa hivi, mama."

Kwenye ramani kigari kinazunguka kama kumbikumbi kwenye taa. Simu ikaita.

"Kaka, unaelekea wapi?"

Nimeshaandika Tabata. Kwenye simu yake pameandikwa Tabata. Nikamwambia Tabata.

"Unalipa keshi?"

"Keshi."

"Sasa bosi, hiyo bei wamejiwekea wao wenyewe. Ongeza elfu tano, halafu kansel, tuongee nje."

Tuongee nje! Kama tumegombania mchumba. Nikakataa. Kigari kikageuza, kikashika njia ya Kibamba. Yeye haghairi, anasubiri nighairi mimi. Na mimi naijua hiyo michezo: nikighairi, safari ijayo nadaiwa faini. Yeye aliyekubali kazi akaenda kunywa kahawa Kibamba hadaiwi na mtu. Basi tukabaki hivyo, wanaume wawili tunaviziana, jogoo wa mama mkwe kaanza kudonoa kamba ya kiatu changu.

Akaja mzee wa kijiwe cha teksi, funguo inazunguka kidoleni. Gari lake jeupe, lina mstari, mlango wa nyuma unafunguliwa kwa nje tu.

"Tabata elfu thelathini."

"Mzee, huku simu inasema kumi na tatu."

"Kwa hiyo panda simu."

Halafu akanisomesha. Yeye ana leseni ya biashara, ana mstari, ana kodi, ana foleni ya kijiwe tangu alfajiri. Kijana wa programu na kigari chake cha IST hana mstari wala kijiwe, anakuja kumbebea abiria mlangoni. Nikataka kumhurumia, nikaikumbuka ile thelathini.

Na kijana naye ukimsikiliza utalia. Kuna hesabu ya tajiri mwenye gari kila siku, mafuta yake, na wenye programu wanakata chao. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya serikali inayodhibiti usafiri wa ardhini, ilisema makato yasizidi asilimia 15, badala ya 25 waliyozoea. Madereva wakashangilia. Mwezi wa Aprili Uber wakasimamisha huduma, wakarudi Januari 2023 baada ya ile 25 kurudishwa. Miezi yote hiyo wakubwa wanavutana juu ya asilimia kumi, na mimi nilikuwa mlangoni mwa daladala, mguu mmoja ndani. Dereva alikuwa na wa kumsemea, kampuni ina wa kuisemea. Abiria anasemewa na kondakta: "Sogea nyuma, nafasi ipo!"

Mimi sina makuu. Mzee wa mstari abandike bei mlangoni, tuisome wote kabla hajaitazama mizigo yangu. Na aliyekubali safari akagoma kuja, atozwe ileile ninayotozwa mimi. Hilo nalo linahitaji kikao Dodoma?

Nilipogeuka, mama mkwe hayupo. Nikamkuta kwenye bajaji, ndoo miguuni, kapu pembeni, anacheka na dereva. Kumbe kijana ni wa kijiji cha jirani kwao, wameshaulizana habari za watu watatu waliofariki.

"Baba, panda. Elfu kumi, tunapita Malamba Mawili. Mshike jogoo."

Tumefika Segerea, nimepakata jogoo kama mtoto wa kliniki, simu ikaita.

"Kaka nimeshafika hapa stendi, sikuoni. Uko wapi?"

Nikamwambia niko dakika mbili.