Mataji 3 kwa Miaka 39: Ted Newland Alifaulu au Alipitwa?

Ted Newland alianza kufundisha polo ya majini, mchezo wa kutupia mpira golini mkiwa mnaogelea, katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, mwaka 1966, chuo kikiwa ndiyo kwanza kimefungua milango. Akakaa hadi 2004: misimu 39, ushindi 714, mataji 3 ya NCAA, shirikisho la michezo ya vyuo vya Marekani (1970, 1982 na 1989). Kocha Adam Krikorian naye aliondoka UCLA (Chuo Kikuu cha California, Los Angeles) mwaka 2009, baada ya takriban muongo mmoja tu, akiwa na mataji 11 ya taifa, ya wanaume na ya wanawake. Kisha akaiongoza timu ya taifa ya wanawake ya Marekani kutwaa dhahabu ya Olimpiki London, Rio na Tokyo. Kwa hesabu ya vikombe, mjadala umekwisha.

Mimi naona ndiyo kwanza unaanza.

Mashindano ya NCAA ya wanaume yalianza 1969, na hadi 2025 hakuna chuo cha nje ya California kilichobeba taji. Ya wanawake yalianza 2001, nayo hadi 2025 yamezunguka kwa vyuo vitatu tu, vyote vya California: UCLA, USC (Chuo Kikuu cha Southern California) na Stanford. Mcheza kwao hutuzwa. Kocha wa pwani ya mashariki ya Marekani anaweza kuwa fundi kuliko wote na bado akastaafu mikono mitupu.

Hoja hiyo, hata hivyo, haimwokoi Newland, maana Irvine nayo iko California. Kinachomtetea ni jina la chuo. UCLA au Stanford humvuta kijana kabla kocha hajafungua kinywa. Irvine ya 1966 haikuwa na sifa ya kumvuta yeyote, na bado miaka minne baadaye ilikuwa bingwa.

Halafu kuna fedha. Kwa miaka mingi kanuni ziliruhusu ufadhili kamili wa masomo 4.5 tu kwa timu nzima ya wanaume, na 8 kwa wanawake. Wanaoingia majini ni saba, achilia mbali wa akiba. Kocha hugeuka mama mwenye chapati nne na nusu na watoto ishirini: huyu robo, yule nusu, wa tatu anaambiwa asubiri mwakani. Ukomo huo uliondolewa 2025, lakini mwaka huohuo vyuo viliruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, na ni dhahiri soka ya Kimarekani na mpira wa kikapu ndivyo vitakavyopakuliwa kwanza.

Hapo ndipo upande wa Krikorian unapopata nguvu. Mchezo usioingiza fedha unahitaji kombe la kumwonyesha mkuu wa chuo anaposhika kalamu ya kufuta bajeti. Tena timu yake ya wanawake ilichukua mataji 5 mfululizo, 2005 hadi 2009, huku USC na Stanford wakiwania vijana walewale. Jina la chuo pekee halifanyi hivyo.

Nikilazimishwa, nitampa Newland kura ya ujenzi na Krikorian ya ushindi. Ila anayenisumbua, maana sijui nimpe kura ipi, ni Terry Schroeder wa Pepperdine, chuo kingine cha California: bingwa wa 1997, kocha wa timu ya taifa ya wanaume iliyopata medali ya fedha Olimpiki ya Beijing 2008, na muda wote huo alikuwa na kliniki yake ya kutibu migongo.