Acheni kutuambia "jaribu tena"

Saa tatu usiku, uniti zimeisha. Mama anabonyeza menyu, ananunua LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya 5,000, anaweka namba ya siri, na skrini inamjibu: "Samahani, jaribu tena baadaye." Basi anajaribu tena. Kukicha 10,000 imeshakatwa. Samahani ya bei ghali hiyo.

Waliotengeneza menyu wanajua kinachotokea. Namba ya siri ikishapita, kampuni ya simu inakata pesa, inauomba mfumo wa umeme tokeni (namba ya kuingiza kwenye mita), ndipo tokeni inarudi kwa SMS. Ukurasa wa USSD, yaani menyu hiyo ya kupiga nyota na reli, una muda wake. Jibu likichelewa ukurasa unafungwa, lakini agizo linaendelea na safari. Kilichokatika ni mazungumzo, malipo yako njiani! Kumwambia mtu ajaribu tena wakati hujui pesa yake iko wapi ni kumtapeli kwa upole.

Kwa hiyo usirudie. Angalia salio. Likipungua, tafuta SMS yenye namba ya muamala, kisha piga huduma kwa wateja ukiwa nayo pamoja na namba ya mita, tarakimu 11. Tokeni ileile inaweza kutumwa upya. Wenye viswaswadu, futeni SMS za zamani: kumbukumbu ikijaa, tokeni haina pa kuingia.

Haya, nakubali, kununua kwa simu ni afadhali kuliko foleni ya dirishani. Na ukikosea tarakimu moja ya mita, mfumo unakataa, kwa kuwa tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na kumi za mwanzo. Hapo walitumia akili. Sasa mita ileile, kiasi kilekile, ndani ya dakika tano, mbona menyu haiulizi kama unalipa mara ya pili?

Tena mwaka 2024 TANESCO, shirika la umeme, walituletea mafungu matatu ya tarakimu 20, mawili ya kuboresha mita na moja la uniti, kwa sababu tokeni huhesabu dakika tangu 1993 na hesabu ilikuwa inafika ukomo Novemba 24. Tarakimu 60 kwa tochi! Wazee wengi walimpa kijana wa jirani simu, na namba ya siri juu yake.

Skrini ya USSD inabeba herufi 182. "Ombi limepokelewa, subiri SMS, usilipe tena" haifiki hata 50.