Mkutubi, Jina la Babu na Kipimo cha h

Mhadhiri anayewania uprofesa mshiriki siku hizi haulizwi tu ameandika nini. Huulizwa pia h yake ni ngapi. Kipimo hicho kilibuniwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mwenye h ya 4 ana makala 4 ambazo kila moja imerejelewa si chini ya mara 4. Wengi hawajui hata pa kukitafuta, kwa hiyo hukimbilia maktaba.

Na maktaba husaidia kweli. Tuseme Mwanaisha Ali Juma ana makala 6, zilizorejelewa mara 20, 9, 6, 4, 2 na 1. Jarida moja limemwandika Juma, M. A., jingine Ali, M. Kwetu jina la tatu mara nyingi ni la babu, si la ukoo, na mhariri wa ng'ambo hubahatisha tu. Scopus, hifadhidata ya makala za kitaaluma, ikimhesabu kuwa watu wawili, mmoja akapewa 20, 6 na 2, mwingine 9, 4 na 1, kila mmoja atakuwa na h ya 2. Mkutubi akishayaunganisha majina na kumsaidia kufungua namba ya ORCID, yaani kitambulisho cha kudumu cha mtafiti, h inapanda hadi 4, na Mwanaisha hajaongeza hata nukta.

Lakini furaha hiyo ndiyo inayonitia shaka. Namba inayoongezeka maradufu kwa sababu ya jina la babu inatuambia nini kuhusu ubora wa utafiti? Makala ya isimu iliyoandikwa kwa Kiswahili, ikatajwa katika tasnifu na vitabu vya hapa nyumbani, Scopus inaweza isiione kabisa. Google Scholar huenda ikaiona, pamoja na takataka nyingine. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, iliyoandikwa na wataalamu wa vipimo vya utafiti, ilitaka utafiti wenye manufaa kwa wenyeji ulindwe, na tarakimu ziwe msaidizi wa wataalamu, si hakimu.

Watetezi wa namba nao wana hoja: zikiondolewa, vyeo vitagawiwa kwa kujuana. Siwezi kuwabishia sana. Ndiyo maana ningependa mkutubi asitoe h tupu, bali aiambatanishe na ukurasa mmoja unaoeleza imetoka hifadhidata gani na kipi hakikuhesabiwa. Ila katika kamati ya kupandisha vyeo, ni nani atakayeusoma ukurasa huo, ikiwa mkutubi mwenyewe hana kiti mle ndani?