Manjano yakishafika kwenye ini

"Ami, manjano tu hayo," aliniambia kijana wa dukani Darajani nilipokuwa nageuzageuza kichupa kutafuta maandishi ya tahadhari. Hayakuwapo. Yaliyokuwapo ni madai kwamba ni manjano ya "nano", yaani ya vijichembe vidogo mno, na kwamba yanalinda ini na sumu. Wapo wanaotaka Zanzibar isipitwe na biashara hii, na wapo wanaosema tungoje kwanza tupime. Hawa wa pili wameshabandikwa jina la maadui wa tiba asili. Wameonewa.

Wanaoishabikia nano wana hoja ya kweli, na mpishi yeyote wa Unguja ataielewa. Tia kijiko cha manjano kwenye bilauri ya maji, koroga, ondoka. Ukirudi unga umetua chini. Yatie kwenye mafuta ya moto, rangi inatoka. Kiini chake, kurkumini, huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, na hata kidogo kinachopenya, utumbo na ini hukigeuza haraka kikatoka. Ndiyo maana watafiti wanakifunga ndani ya vijichembe vya mafuta au vya polima, kitu cha jamii ya plastiki, vingi vikiwa vya nanomita 200 kushuka chini, wakati unywele mmoja hufika nanomita 80,000. Vikiingia kwenye damu, ini lina seli za kunasa chembe ngeni zinazopita, basi mzigo mwingi huishia hukohuko. Panya waliopewa vijichembe hivyo, wakalishwa sumu, maini yao yaliumia kidogo kuliko ya wenzao.

Ila panya wa maabara mara nyingi hutangulizwa dawa, ndipo sumu ifuate. Mtu wa Micheweni, Pemba, anayekula karanga zenye sumukuvu, sumu ya ukungu, haarifiwi siku sumu itakayomwingia.

Kinachonikosesha raha zaidi ni asilimia 2000. Mwaka 1998 watafiti wa India waliwapa watu gramu 2 za kurkumini. Damuni haikuonekana sana. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ukali wa pilipili manga, kiasi kilichoingia mwilini kilipanda kwa asilimia hiyo. Wauzaji wanaitaja kama sifa. Tuipime. Kijiko cha chai cha manjano ni gramu 3 hivi, na kurkumini ndani yake ni miligramu 90 au karibu na hapo. Gramu 2 ni zaidi ya vijiko 20 kwa mpigo mmoja. Mchuzi gani utabeba manjano hayo? Ushahidi wa bibi zetu ni wa kijiko kile kimoja, ambacho karibu chote hupita njia bila kugusa damu. Usalama tunaojivunia umetokana na kutofika. Ukishayafikisha, umeshika kitu kingine, na ushahidi wa bibi haukihusu.

Mwaka 2019 Italia ilipata wagonjwa wa homa ya ini waliokuwa wakitumia vidonge vya manjano, ikaamuru tahadhari iandikwe kwenye vifungashio. Marekani, madaktari wanaofuatilia maini yaliyoharibiwa na dawa waliandika wagonjwa 10 wa manjano kati ya 2004 na 2022, mmoja alifariki. Kumi ni wachache mno, sisemi manjano ni sumu. Lakini 7 kati yao walikuwa na aina moja ileile ya jeni ya kinga, na hapa kwetu nani anajijua kama anayo?

Mimea inaweza kulinda ini, hilo halina ubishi. Ulaya, silibinini, inayotoka kwenye mmea mmoja wa miiba, hutiwa kwenye mshipa wa mtu aliyekula uyoga wa sumu. Hutiwa hospitalini, kwa kipimo kinachofuata uzito wake, na ini lake likipimwa. Anayedai hayohayo kwa manjano ya mashamba yetu ya Kizimbani anayapa hadhi ya dawa, basi na yapimwe kama dawa.

Kichupa cha Darajani kilisema vidonge viwili kwa siku, "au zaidi kwa ini lililochoka".