Msimfukuze aliyekuja kurekebisha herufi

Kuna mradi mmoja wa programu huria ninaoutumia tangu zamani. Ninaupenda, na ndiyo maana sitautaja. Juzi nilikuwa napitia viraka walivyotumiwa, yaani mabadiliko ambayo watu hupendekeza yaingizwe, nikitafuta jambo jingine kabisa, nikakuta kimoja kimefungwa. Mtumaji alikuwa amerekebisha ukurasa wa usanidi: maneno kadhaa yaliyokosewa tahajia, na sentensi moja iliyoandikwa "now" mahali pa "not". Msimamizi alikifunga kwa mstari mmoja, kwamba wanahitaji michango ya msimbo, si ya herufi. Hata asante hakuna. Wenzake wakaweka alama ya dole gumba ya kumuunga mkono.

Sentensi yenyewe ilihusu kuacha mlango fulani wa seva wazi kwenye mtandao. Kwa herufi moja ilisema sasa ni salama. Kwa nyingine ingesema si salama. Mtu mmoja alisoma ukurasa huo kwa makini kuliko wote walioupitisha, akauona upotofu huo, akajitolea muda wake kuuondoa, na malipo yake yakawa kuambiwa kwamba hajachangia kitu. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Wanaodharau marekebisho ya tahajia karibu wote wana sifa moja: wanaijua programu ndani na nje. Hawasomi tena nyaraka zake, yaani kurasa za maelezo ya matumizi, kama msomaji. Wanapita juu, na jicho linawajazia herufi iliyokosekana bila wao kujua. Lakini nyaraka hazikuandikwa kwa ajili yao. Ziliandikwa kwa ajili ya mwanagenzi aliyefika leo, asiyejua kitu, mara nyingi anayesoma Kiingereza kama lugha yake ya pili au ya tatu, na ambaye hana njia ya kutofautisha kosa na jina.

Hapo ndipo penye uzito, na naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu sijaona watu wakilizungumza hili ipasavyo. Fani yetu imejaa majina halali yanayofanana na makosa. Mfumo endeshi wa Unix una mwito (agizo ambalo programu hulitoa kwa mfumo) wa kuunda faili uitwao creat, bila herufi ya mwisho. Ken Thompson, mmoja wa waliouunda mfumo huo, alipoulizwa angebadilisha nini kama angeanza upya, alijibu kwamba angeongeza "e" kwenye creat. Amri ya kutenganisha diski ni umount, wala si unmount. Na kivinjari chako, kila unapobofya kiungo, huenda kinatuma kichwa cha ombi, taarifa ya ukurasa uliotoka, kiitwacho Referer, neno ambalo katika Kiingereza sahihi lina "r" moja zaidi. Kosa hilo liliingia kwenye RFC 1945 (RFC ni hati za taratibu za mtandao), ile ya HTTP/1.0, itifaki ya kurasa za wavuti, ya Mei 1996, wakati tayari programu zilikuwa zinalitumia, na halikuondoka tena. RFC 9110 ya mwaka 2022 bado inaliandika vilevile, maana kulirekebisha leo kungevunja mawasiliano ya seva duniani kote. Baadaye kikaja kichwa kingine cha kudhibiti kile cha kwanza, Referrer-Policy, na hicho kikaandikwa kwa usahihi. Kwa hiyo programu moja inaweza kushughulika na maneno mawili ya asili moja, yenye tahajia mbili, na zote mbili lazima ziandikwe hivyohivyo.

Sasa mweke mwanagenzi mbele ya haya. Amekutana na umount, akaambiwa ni sahihi. Amekutana na creat, akaambiwa ni sahihi. Amekutana na Referer, akadhani ni kosa, akalirekebisha kwenye msimbo wake, programu ikakataa kufanya kazi, naye akajifunza kutogusa kitu. Kisha anafungua ukurasa wenu wa usanidi na kukuta kipengele kilichoandikwa "recieve_timeout". Afanye nini? Kila alichofundishwa na fani hii kinamwambia anakili kama kilivyo. Ananakili. Na programu nyingi zinapokuta jina zisilolijua kwenye faili la usanidi hazilalamiki: zinalipuuza kimya na kuendelea na thamani ya msingi. Hakuna onyo kwenye skrini, hakuna mstari kwenye kumbukumbu za seva. Mtu anaondoka akiamini ameweka kikomo, na kikomo hakipo. Kama kipengele hicho kilikuwa cha muda wa kusubiri, atapata seva inayokwama. Kama kilikuwa cha kuzuia watu wasiingie bila nenosiri, hapo tena tumetoka kwenye tahajia tukaingia kwenye usalama.

Na mwanagenzi huyo hatalaumu nyaraka. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Atajilaumu mwenyewe. Atadhani Kiingereza chake ni kibovu, au akili yake haitoshi kwa kazi hii. Nimewaona watu wa namna hiyo, wenye uwezo mkubwa, wamekaa usiku mzima mbele ya ukurasa uliokosewa, wakirudia hatua zilezile, wakitafuta kosa lao mahali ambapo hawakukosea chochote. Anayerekebisha ile herufi anamwokoa mtu huyo, tena mtu asiyemjua na ambaye hatamjua kamwe.

Ukitaka ushahidi kwamba wenye kazi kubwa hawakuidharau kazi hii, tazama kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo endeshi. Kwa miaka mingi mwongozo wake wa kutuma viraka ulikuwa na njia maalumu ya viraka vidogo, na kati ya vilivyokubaliwa kupita humo vilitajwa waziwazi viraka vya tahajia kwenye nyaraka, pamoja na vya makosa ya tahajia yanayoweza kuvuruga utafutaji wa grep, amri ya kutafuta maneno ndani ya mafaili. Sababu hiyo ya pili ni ya watu wanaojua wanachofanya. Neno lililokosewa halitafutiki. Ukiandika "authetication" kwenye kichwa cha sura, anayetafuta neno sahihi hataipata sura hiyo hata kama ndiyo pekee yenye jibu lake. Ukurasa upo, jibu lipo, na hakuna njia ya kulifikia. Ndani ya kerneli hiyohiyo kuna faili la scripts/spelling.txt lenye orodha ndefu ya makosa yanayojirudia na usahihi wake, na chombo cha checkpatch hulisoma kinapokagua viraka. Debian, wanaosambaza mfumo uliojengwa juu ya Linux, nao wana Lintian, ambayo hukagua vifurushi vya programu na kutaja makosa ya tahajia hata kwenye kurasa za man, yaani miongozo ya amri. Watu hao wana kazi nzito kuliko miradi mingi inayojiona imezidiwa.

Amri za kunakili ni balaa jingine. Mhariri wa maandishi anageuza vistari viwili kuwa kistari kimoja kirefu, au alama za kunukuu zilizonyooka kuwa zilizopinda, na amri iliyokuwa nzima inakufa. Kwa macho huioni tofauti.

Halafu majina ya vifurushi. Mwaka 2017 kwenye npm, hazina ya vifurushi vya JavaScript, kiligunduliwa kifurushi kilichoitwa crossenv, kikijifanya kile halali cha cross-env, nacho kilikuwa kinakusanya data za siri za mazingira ya kompyuta na kuzituma kwa mtu mwingine. Mwaka huohuo mamlaka ya usalama ya Slovakia ilitangaza vifurushi bandia kwenye PyPI, hazina ya vifurushi vya Python, vikiwemo urlib3 na acqusition, hivyo viwili vikiwa jirani wa herufi moja na majina halali. Kuna watu wanaoishi kwa kungoja vidole vyetu viteleze. Maelekezo ya usakinishaji yakikosa herufi moja, anayeteleza si mtu mmoja tena, ni kila anayeyafuata. Mtu akija kuwaambia jina la kifurushi kwenye ukurasa wenu limekosewa, mshukuruni kama mnavyomshukuru aliyeripoti tundu la usalama.

Najua nitakachojibiwa. Nitaambiwa Hacktoberfest, tukio la kila Oktoba la kuhamasisha watu kuchangia programu huria. Sawa, nakubali, ingawa kwa shingo upande. Oktoba 2020 ilikuwa mbaya. Kampuni ya DigitalOcean iliahidi fulana kwa watakaowahi kutuma maombi manne ya mabadiliko, na watu wakamiminika kwenye miradi ya wenzao wakiongeza neno la sifa kwenye README, faili la utangulizi wa mradi, wakibadilisha nukta na nafasi, bila kusoma wala kujali. Wasimamizi walilemewa, na waandaaji walilazimika kubadili utaratibu ndani ya siku chache, ikawa miradi iliyokubali kushiriki ndiyo tu inayohesabiwa. Waliopitia mwezi ule wana haki ya kuchoka. Lakini taka zile hazikuwa marekebisho ya tahajia. Nyingi hazikuondoa kosa lolote. Kuwaadhibu waliosoma kwa sababu ya wale ambao hawakusoma ni dhuluma, na kutofautisha makundi hayo mawili hakuchukui hata dakika moja ya mtu anayefungua kiraka na kukitazama.

Nakubali pia kwamba kurekebisha si kazi ya bure. Nyaraka na programu nyingi hutafsiriwa kwa gettext, chombo cha kusimamia tafsiri, na humo sentensi ya asili ndiyo ufunguo. Ukigusa herufi moja ya Kiingereza, tafsiri ya sentensi hiyo katika kila lugha huwekewa alama ya shaka, na kwa kawaida tafsiri yenye alama hiyo haitumiki tena mpaka mtu aithibitishe. Mfasiri aliyeumiza kichwa juu ya sentensi anaamka kukuta imerudi Kiingereza kwa sababu ya koma. Hili si dogo kwetu tunaotafsiri, kwa sababu lugha nyingi zina mfasiri mmoja tu kwenye mradi mzima, na muda wake ni wa kuibia. Jibu lake lipo: maana isipobadilika, mwenye kiraka au msimamizi asahihishe ufunguo kwenye mafaili yote ya tafsiri (.po) kwa pamoja na kuondoa alama ile, na marekebisho ya maneno ya kwenye skrini yasiingizwe usiku wa kuamkia toleo jipya. Vichwa vya sura navyo vina mtego wake. Mara nyingi kiungo cha sura huzaliwa na kichwa chake, kwa hiyo ukikirekebisha, viungo vyote vilivyokielekea vinakatika. Nanga ya zamani, yaani jina ambalo viungo hivyo vinalielekea, ibakizwe.

Kwa hiyo ninyi mnaorekebisha, nawaheshimu, na kwa heshima hiyohiyo nawadai umakini. Kabla hujagusa neno, litafute kwenye msimbo: kama lipo vilevile kama jina la kazi (function) au kipengele, si lako kulibadilisha kwenye nyaraka peke yake. "Colour" si kosa, ni Uingereza. Angalia kama ukurasa umeandikwa kwa mkono au umezalishwa kutoka kwenye maelezo ya ndani ya msimbo. Ukirekebisha ukurasa uliozalishwa, kazi yako itafutwa na toleo linalofuata, kwa hiyo nenda kwenye chimbuko. Na kusanya makosa ya ukurasa mmoja kwenye kiraka kimoja, usimtumie mtu barua kumi kwa maneno kumi.

Wapo wanaosema mashine ifanye. Na ifanye, sina ugomvi nayo. Chombo cha codespell ni kizuri kwa sababu kinafuata orodha ya makosa yanayojulikana, hakishuku kila neno geni, ndiyo maana hakipigii kelele kila jina la kiufundi. Kiwekeni kwenye ukaguzi wa kila kiraka na mengi yatakamatwa kabla ya kuingia. Lakini "now" ni neno sahihi. "Not" ni neno sahihi. Orodha ya makosa haitawahi kuiona sentensi ile, kwa sababu haina neno lililokosewa hata moja. Iliyoona ni akili ya mtu aliyejiuliza, mbona ukurasa huu unaniambia niache mlango wazi?

Akili hiyo haidumu, na wasimamizi wanapaswa kulitia hili moyoni. Mtu huwa na macho ya mgeni kwa muda mfupi tu. Akishazoea mradi, naye ataanza kupita juu kama ninyi. Katika kipindi kile kifupi anaona kila shimo la nyaraka zenu kwa uwazi ambao hakuna mtaalamu wenu aliyebaki nao, na ndicho kipindi ambacho hana ujasiri wa kugusa msimbo. Tahajia ndiyo anayoweza. Anajifunza kuchukua nakala ya mradi, kutengeneza tawi (nakala ya pembeni ya kufanyia kazi), kuandika maelezo ya badiliko, kungoja ukaguzi, kujibu maoni. Utaratibu wote wa kuchangia anaupitia kwenye badiliko lisiloweza kuvunja msimbo. Mkimfungia kwa dharau, hatarudi na msimbo mnaoudai.

Kama kweli mmezidiwa, andikeni kwenye CONTRIBUTING, faili la maelekezo kwa wachangiaji, jinsi mnavyotaka marekebisho haya yaje: kwa mwezi mara moja, kwa kiraka kimoja, kwenye tawi la nyaraka, au kwa kuripoti tu nanyi mrekebishe wenyewe. Mchagulieni mtu mmoja wa kuyapokea. Mgeni atafuata, kwa sababu wageni ndio wanaosoma faili hilo.

Na wewe uliyeona kosa leo, ukasita kwa kuogopa kuonekana unatafuta sifa za bure: litume. Taja ukurasa, taja sentensi, eleza kwa mstari mmoja umejuaje kuwa ni kosa na si jina. Wakikuambia umekosea utaratibu, uliza utaratibu na uufuate. Wakikuambia herufi si mchango, peleka macho yako kwenye mradi mwingine. Inayokuhitaji ni mingi.