Nani aliua katani ya Tanga, nailoni au Azimio?

Ukianzisha habari za mkonge wa Tanga, ugomvi ni uleule: huyu anasema katani, yaani nyuzi za mkonge, iliuliwa na nailoni, yule anasema Azimio la Arusha la 1967, lililofuatwa na kutaifishwa kwa mashamba. Mwaka 1964 Tanzania tulizalisha takribani tani 230,000, na hakuna nchi iliyotufikia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama 20,000.

Wa nailoni wana hoja nzito (ingawa adui hasa alikuwa polipropilini, plastiki iliyopatikana Italia mwaka 1954 kwa Giulio Natta). Soko kubwa la katani lilikuwa kamba za kufungia mavuno na majani ya mifugo kwenye mashamba ya Ulaya na Marekani. Kamba ya plastiki ni nyepesi, haiozi, na kiwanda chake hakingoji mvua. Bei ya katani ilianza kuanguka baada ya 1964, Azimio likiwa halijaandikwa. Na mkonge ni mmea wa subira: hukatwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu hivi, ukavunwa miaka kadhaa mpaka utoe mlingoti (shina refu la maua) na kufa. Tajiri aliyeacha kupanda mwaka 1965, pengo lake lilikuja kuonekana miaka ya 1970, mashamba mengi yakiwa mikononi mwa serikali. Lawama ikamwangukia aliyekutwa nayo.

Lakini plastiki hutoka kwenye mafuta. Mafuta yalipopanda mwaka 1973, bei ya katani nayo ikaruka, na sisi uzalishaji ukazidi kushuka. Hapo nailoni haisaidii kueleza kitu. Kenya, ambayo haikutaifisha, nayo ilishuka, ila haikuporomoka kama sisi.

Mimi naitazama zaidi korona, ile mashine ya kuchakata majani. Mkataji hufunga majani thelathini thelathini. Mzigo ukilala siku mbili tatu juani, singa (nyuzi) hazitoki vizuri. Kilo 100 za majani hutoa kama kilo nne tu za katani, kwa hiyo hakuna wa kuyasafirisha mbali. Korona ikisimama, shamba zima ni pori. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ikihangaika hata na fedha za kigeni za kununulia mafuta, shirika la umma lingetoa wapi vipuri? Kosa naliona kwenye kubeba mashine nyingi hivyo bila akiba ya kuzitunza, kuliko kwenye kutaifisha kwenyewe.

Wanaolilia enzi za matajiri wakumbuke pia manamba, vibarua wa mashamba waliosombwa kutoka Kigoma hadi Ruanda-Urundi wakamalize kipande (kadi ya siku za kazi) kwa ujira mdogo. Sehemu ya faida ile ilitoka migongoni mwao.

Miaka ya karibuni serikali iliweka lengo la tani 120,000 ifikapo 2025, safari hii ikiwategemea wakulima wadogo. Miche inagawiwa na mashamba yanapanuka. Korona ndizo zinazopangiwa foleni.