Hidaya hakuja

Jumamosi ya Mei 4, 2024 nilikuwa kwa kinyozi wangu, Temeke, nasubiri zamu. Runinga iliyotundikwa juu ya kioo ilikuwa mubashara kutoka ufukweni. Ripota kavaa koti la mvua, kofia kaivuta hadi kwenye nyusi, anapaza sauti kama mtu anayebebwa na upepo. Chini ya skrini mstari mwekundu unakimbia: kimbunga Hidaya, hatari. Nyuma yake akapita muuza kahawa na birika lake, taratibu, akasimama kummiminia mteja. Saluni nzima ikaangua kicheko. "Hidaya gani huyo," kinyozi akasema, "kahawa yenyewe haijamwagika."

Hidaya ni zawadi, kwa hiyo utani ulikuwa umeshaiva hata kabla kimbunga hakijafika. Usiku huo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ikatangaza kwamba kimeingia Mafia na kupoteza nguvu. Dar es Salaam tukaambulia mvua na upepo. Watu wakakumbushana Jobo, kimbunga cha Aprili 2021 kilichotangazwa kwa kishindo kilekile kisha kikafifia baharini. Vijiweni hukumu ikapitishwa: watu wa hali ya hewa na watu wa runinga wanatutisha bure.

Nusu ya hukumu hiyo naikubali.

Kuigiza upepo si ugonjwa wetu peke yetu. Septemba 2018, kimbunga Florence kilipoipiga North Carolina huko Marekani, ripota wa Weather Channel alionekana akiyumba, miguu kaitanua, kama anayezuia mlango usisukumwe na wezi. Nyuma yake watu wawili wakapita wakitembea kana kwamba wametumwa dukani. Video ilisambaa dunia nzima. Kituo kikajitetea kwamba wale wawili walikuwa juu ya zege, ripota alikuwa kwenye nyasi zilizolowa, tena alikuwa amechoka kwa kazi ya hadi saa saba usiku. Huenda ni kweli kabisa. Ila mtazamaji akishacheka, ndio basi tena.

Mimi hata maigizo hayaniudhi kama kile kinachokatwa. Maonyo ya TMA yana ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Chini ya onyo kunakuwa na mistari miwili, mmoja wa uwezekano wa jambo kutokea, mwingine wa kiwango cha athari, na mara nyingi yote miwili utakuta imeandikwa "wastani". Wastani haiuzi. Taarifa ikifika studio, njano na chungwa zinaiva kuwa nyekundu, "huenda" inadondoka njiani, na orodha ya mikoa inafupishwa mpaka ubaki ule wenye watazamaji wengi. Hapo sijagusa picha za mawimbi zinazorushwa bila neno "maktaba" pembeni, ambazo ukizikazia macho unaona mabango ya lugha ambayo hakuna anayeisoma huku kwetu. Siku kimbunga kikigeuka, anayeonekana mwongo ni mtabiri, aliyesema wastani tangu mwanzo.

Sasa mkalishe mhariri wa habari kitini umsikilize naye. Atakuuliza: mvuvi wa Kilwa Kivinje utamzuiaje asitoke kwa neno "wastani"? Siku asiyoingia baharini ni siku isiyo na kitoweo wala pesa ya mafuta ya kesho. Neno la kumweka nchi kavu lazima liwe zito kuliko njaa ya siku moja. Na mhariri huyo ana mfano. Aprili 2019 wakazi wa Mtwara waliambiwa wahame maeneo ya hatari, shule zikafungwa, kwa sababu ya kimbunga Kenneth. Kenneth kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji, Mtwara ikapona. Ni kelele za bure hizo? Mwezi mmoja nyuma yake kimbunga Idai kilikuwa kimeibomoa Beira, na Msumbiji peke yake ilizika watu zaidi ya 600. Sijui nani angekubali kuwa mhariri wa kusema "wastani" baada ya Beira.

Wala pwani hii si ngeni kwa vimbunga. Aprili 1872 kimoja kiliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika, na hiyo ni sababu mojawapo ya karafuu kuwa leo habari ya Pemba. Aprili 1952 kingine kikaipiga Lindi. Vinakuja kwa nadra kwa kuwa karibu na Ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuuzungusha upepo ukawa kimbunga. Nadra hiyo ndiyo inayomtia mtu usingizi. Mzee wa miaka 60 hapo Lindi mjini hakuwa amezaliwa mwaka ule.

Kimya nacho kina bei yake, na Wakenya wanaijua. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba utabiri umebadilika, El Niño iliyokuwa ikiogopwa haitakuja, itakuwa mvua nyingi tu. Kufikia mwisho wa Novemba mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya 100. Miezi michache baadaye, Mei 3, 2024, rais huyohuyo alilihutubia taifa akaonya kwamba Kenya huenda ikapata kimbunga chake cha kwanza, na shule zikaahirishwa kufunguliwa bila tarehe. Ni Hidaya huyuhuyu. Wapo waliosema safari hii amezidisha chumvi. Labda, lakini aliyeumwa na nyoka akishtuka kwa ung'ongo siwezi kumcheka.

Kwa hiyo nikilazimishwa kuchagua kati ya kelele na kimya, nachukua kelele. Ugomvi wangu na runinga ni kwamba kelele zake zinaifuata kamera. Kamera iko Dar es Salaam, iko Nairobi, na inapenda upepo kwa sababu upepo unaonekana: minazi inapinda, koti linapepea, wimbi linapiga ukuta. Maji yanayojikusanya polepole nyuma ya tuta hayana cha kupiga picha. Mai Mahiu, Kenya, usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, ni maji ya namna hiyo, yaliyokusanyika nyuma ya tuta la reli, yaliyopasua njia na kuwabeba watu makumi kwa makumi wakiwa wamelala. Alfajiri ya Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlima Hanang vikaifunika Katesh na vitongoji vyake. Walikufa watu zaidi ya 80. Mvua ile haikuwa na jina la kuandikwa kwenye mstari mwekundu, na sikumbuki kumwona ripota akiwa na koti lake mlimani siku moja kabla. Walifika baadaye, pamoja na viongozi.

Nadhani hapo ndipo kinyozi wangu anapokosea na runinga inapomkosea. Yeye alipima kimbunga kwa birika la kahawa kwa sababu runinga ilimwambia akitazame pale kwenye birika. TMA ilikuwa imetaja pia Lindi, Mtwara, Pwani na visiwa. Ripota alikwenda mahali ambapo gari la matangazo linafika bila kulala njiani.

Jumapili nilirudi saluni kuchukua chaja niliyoisahau. Kwenye simu yangu zilikuwa zimeingia picha kutoka Somanga, Kilwa: barabara ya kwenda Lindi na Mtwara imekatika, lami imeliwa na maji, mabasi na malori yamekwama. Runinga juu ya kioo ilikuwa kwenye mpira. Kinyozi akanipa chaja yangu akicheka.

"Si nilikwambia," akasema. "Hidaya hakuja."